Mapigo ya moyo ukiwa umetulia, na kurudi mazoezini katika umri wa makamo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyewahi kuwa na pumzi zake, akaziacha zipotee kwa sababu ya kazi, ulezi au maradhi, na sasa ana miaka 40 na kitu au 50 na kitu. Anapanda ngazi za ghorofa mbili na moyo unamgonga hadi masikioni. Nami nilikuwa hapo nikiwa na miaka 47. Maswali haya ndiyo niliyoyauliza mwenyewe, pamoja na yale ambayo wenzangu wa rika hili hurudia kuniuliza.

Mapigo ya moyo ya mapumziko ni yapi hasa?

Ni mara ambazo moyo unapiga kwa dakika moja ukiwa macho na umetulia: hujatoka kupanda ngazi, hujagombana na mtu, hujavuta sigara wala kunywa kahawa. Mapigo ya usingizini ni mengine, na kwa kawaida huwa chini zaidi. Ndiyo maana saa janja inayohesabu na usiku huweza kukupa namba nzuri kuliko ile utakayoipata kwa vidole vyako asubuhi.

Niyapime vipi?

Asubuhi, ukishaamka na kabla hujashuka kitandani. Ikiwa kengele imekushtua, subiri dakika mbili tatu. Geuza kiganja kitazame juu, kisha weka ncha za kidole cha shahada na kidole cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, penye kibonde kati ya mfupa na kano. Usipimie kwa dole gumba, maana lina mpigo wake na litakuchanganya. Gusa taratibu, kwa sababu ukikandamiza sana unauziba mshipa na kupoteza hesabu.

Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 kisha huzidisha kwa 4, lakini ukikosea pigo moja hapo umekosea mapigo manne, na manne huenda ndiyo mabadiliko yote utakayoyapata kwa miezi mitatu ya jasho. Pima siku saba mfululizo, zipange namba kutoka ndogo hadi kubwa, na ile ya katikati ndiyo yako. Siku moja peke yake haisemi kitu.

Ukipimia shingoni, gusa upande mmoja tu na kwa wepesi. Kukandamiza mshipa wa shingo huweza kuupunguzia moyo mwendo na kushusha presha ghafla, hasa kwa watu wa umri mkubwa.

Kawaida ni ngapi?

Kwa mtu mzima, 60 hadi 100 kwa dakika. Wanawake huwa juu kidogo ya wanaume, kwa mapigo machache. Wanamichezo wa mbio ndefu na baiskeli mara nyingi huwa kwenye 40 na kitu au 50 na kitu.

Ila usiichukue 100 kama alama ya kufaulu. Ule ni mpaka ambao ukivukwa daktari huanza kutafuta ugonjwa, na chini yake kuna nafasi pana. Mwenye 95 kila asubuhi na mwenye 62 wote wanaitwa wa kawaida, lakini miili yao haiko mahali pamoja. Utafiti wa Copenhagen uliofuatilia wanaume wapatao 2,800 kwa miaka 16 uliona kwamba wenye mapigo ya juu walikufa kwa wingi zaidi katika muda huo, hata uwezo wao wa mazoezi ulipotiwa kwenye hesabu. Mapigo yenyewe huenda siyo yanayoua. Mara nyingi ni moshi unaoonyesha kwamba mahali fulani pana moto.

Mimi nina 84. Je, ni mgonjwa?

Kwa namba hiyo peke yake, hapana. Jiulize kwanza: unalala saa ngapi? Unavuta sigara? Ulikunywa pombe jana usiku? Una wasiwasi wa muda mrefu? Umekunywa maji ya kutosha? Una homa? Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda huongeza takriban mapigo 10. Dawa nazo zina sehemu yake: salbutamoli ya pumu hupandisha mapigo, na baadhi ya dawa za kuzibua pua wakati wa mafua hufanya vivyo hivyo.

Kuna mambo mawili ambayo watu wa umri wetu huyapita wakidhani ni uzee tu: upungufu wa damu, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Yote mawili huugongesha moyo haraka, yote mawili huonekana kwa kipimo cha damu, na yote mawili hutibika. Ukiwa juu ya 100 siku baada ya siku bila kufanya lolote, au ukiona umepanda mapigo 10 juu ya kawaida yako kwa wiki kadhaa bila sababu unayoijua, nenda ukapimwe.

Kwa nini mazoezi huyashusha?

Hapa nitakaa kidogo, maana ukilielewa hili, mengine yote yanajifungua.

Moyo haungoji amri ya ubongo ili upige. Katika chemba yake ya juu ya kulia kuna kishada kidogo cha seli zinazojiwasha zenyewe kwa umeme, tena na tena, tangu kabla hujazaliwa. Kama kishada hicho kingeachwa peke yake bila neva yoyote kukigusa, moyo wa kijana ungepiga karibu mara 100 kwa dakika, na wa mtu wa miaka 50 karibu mara 90. Kinachoushusha hadi 70 au 60 ni breki. Breki hiyo ni neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye shina la ubongo. Upande wa pili kuna neva za hali ya hatari, zile zinazokuamsha unapokoswakoswa na gari, nazo hukanyaga mafuta. Namba unayoihesabu asubuhi ni matokeo ya mvutano wa hizo mbili. Mtu mwenye msongo na asiyelala hukanyaga mafuta akiwa kitandani.

Mazoezi ya muda mrefu huitia breki nguvu, na kishada chenyewe nacho hupunguza mwendo wake wa asili. Lakini kuna la tatu, nalo ni hesabu ya kawaida kabisa. Mwili uliotulia unahitaji karibu lita 5 za damu kila dakika. Moyo ukitoa mililita 70 kwa kila pigo, unahitaji mapigo 70 ili ufike hapo. Ukiwa na uwezo wa kutoa mililita 90 kwa pigo, mapigo 55 yanatosha. Kazi ni ileile, wito ni mchache.

Uwezo huo wa kutoa damu nyingi kwa pigo huja kwa hatua. Kwanza huongezeka plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Hilo huanza ndani ya siku chache za mazoezi na huonekana wazi ndani ya wiki mbili. Damu ikiwa nyingi, moyo hujaa vizuri kabla ya kusukuma. Baadaye, kwa miezi na miaka, kuta za moyo zenyewe hulegea na kupanuka vizuri zaidi.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Misuli ya chemba kuu ya kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake yenyewe katikati ya pigo na pigo, wakati imelegea. Ikijikaza, huibana mishipa inayoilisha. Kwa hiyo moyo unaopiga polepole una muda mrefu zaidi wa kujilisha. Kutoka 70 hadi 60 ni kupunguza mapigo 14,400 kwa siku.

Yatashuka kwa kiasi gani, na baada ya muda gani?

Usiahidiwe miujiza. Mtu wa makamo anayefanya mazoezi mara nne kwa wiki anaweza kutarajia kushuka mapigo 3 hadi 8 kwa miezi mitatu hadi sita. Anayeanzia juu hushuka zaidi. Anayeanzia 62 huenda asione kitu. Urithi nao una neno lake: watu wawili hufuata ratiba moja, mmoja akashuka 9 na mwenzake 2, huku pumzi za wote wawili zimeongezeka sawasawa.

Mimi nilianzia 79. Baada ya miezi mitano nilikuwa 71, na hapo nilikaa karibu mwaka mzima. Mwaka huohuo nilitoka kwenye kutembea nikihema hadi kukimbia dakika 40 bila kusimama. Ningekuwa natazama namba ya asubuhi tu, ningekata tamaa.

Nilikuwa mwanamichezo nikiwa na miaka 20. Naweza kurudi pale?

Kuna kisa cha kweli ninachokirudia kwa kila anayeniuliza hili. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walikubali kulazwa kitandani wiki tatu mfululizo. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Baada ya hapo walifanyishwa mazoezi makali kwa wiki nane na wakapanda juu kuliko walipoanzia.

Mwaka 1996 watano walewale waliitwa tena, sasa wana miaka 50, wamenenepa, wengi wao wameacha mazoezi. Walipopimwa ilionekana kwamba miaka 30 ya kuzeeka ilikuwa imewapunguzia uwezo kidogo kuliko zile wiki tatu za kitandani. Walipewa miezi sita ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, wakianza na kidogo na kuongeza taratibu. Mwishoni walirudi kwenye kiwango walichokuwa nacho wakiwa na miaka 20 kabla ya kulazwa.

Ni watu watano tu, na wote wanaume. Hawakufikia kile kilele cha baada ya wiki nane za mazoezi ya ujana wao. Sehemu ya sababu ni kwamba kasi ya juu kabisa ya moyo hupungua kadiri umri unavyokwenda, na hakuna zoezi linaloirudisha. Lakini wanatuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee ni kukaa.

Mwaka 2018 watafiti wa hukohuko Dallas walitoa matokeo ya kazi nyingine. Watu wa miaka 45 hadi 64 waliokuwa wakiishi kwa kukaa walifanya mazoezi siku nne hadi tano kwa wiki kwa miaka miwili. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 18, na mioyo yao, iliyokuwa imeanza kukakamaa, ililainika. Kabla ya hapo, watu wenye zaidi ya miaka 65 waliofanya mazoezi mwaka mzima walikuwa wameongeza pumzi, lakini ukakamavu wa moyo haukubadilika. Kwa hiyo ukiniuliza kama miaka 50 ni kuchelewa, nitasema ndiyo wakati wenyewe.

Ni lazima nimwone daktari kwanza?

Ikiwa una ugonjwa wa moyo, kisukari au ugonjwa wa figo, au unapata maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzimia, au kukatika pumzi kusikolingana na kazi uliyofanya, ndiyo, mwone kabla ya kuanza. Mwambie pia kama mzazi au ndugu yako alipata ugonjwa wa moyo mapema au alikufa ghafla akiwa bado kijana.

Ikiwa huna lolote kati ya hayo ila umekaa tu miaka mingi, kutembea unaweza kuanza leo. Hata hivyo pima presha. Presha ya juu haina dalili, na katika umri huu wengi wanayo bila kujua.

Nianzeje?

Anza kwa kutembea, hata kama zamani ulikuwa ukikimbia. Dakika 20 hadi 30, siku nne au tano kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Hicho ndicho kipimo bora cha kasi nilichowahi kukitumia, na hakihitaji kifaa chochote.

Baada ya wiki nne hivi, kama mwili haulalamiki, tia vipande vya kukimbia: dakika moja ya kukimbia polepole, dakika mbili au tatu za kutembea, mara sita hadi nane. Ongeza muda kabla ya kuongeza kasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo wa awali ulitaka kila kipande kifikie angalau dakika 10. Huu wa sasa umeliondoa sharti hilo, hivyo hata dakika nne za ngazi zinahesabika.

Ukishafanya miezi miwili au mitatu, weka siku moja kwa wiki ya kupishanisha kasi: dakika 4 za mwendo mkali, dakika 3 za polepole, mara nne. Siku moja tu. Siku nyingine zibaki laini. Kosa ninaloliona zaidi kwa watu wa rika letu ni kufanya kila siku kuwa ya mwendo wa katikati, wenye kuchosha mno usiwe pumziko na mlegevu mno usiwe changamoto.

Ile hesabu ya 220 kutoa umri ni ya kweli?

Ni makadirio ya miaka ya 1970 yaliyogeuka kuwa sheria. Iliyo bora kidogo ilitolewa mwaka 2001: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu kwenye 208. Mtu wa miaka 50 anapata 173 badala ya 170; wa miaka 60 anapata 166 badala ya 160. Zote mbili ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kuwa mapigo 10 au zaidi juu au chini bila tatizo lolote.

Ukitaka kutumia namba, tumia pia mapigo yako ya asubuhi. Mwanasayansi Martti Karvonen wa Ufini aliifundisha njia hii mwaka 1957. Chukua 173, toa mapigo yako ya mapumziko, tuseme 75, unabaki na 98. Hiyo ndiyo akiba yako. Nusu yake ni 49. Ongeza 75, unapata 124. Asilimia 60 yake ni karibu 59. Ongeza 75, unapata 134. Kati ya 124 na 134 ndipo penye mazoezi laini yenye faida. Namba ikigombana na kipimo cha kuzungumza, fuata kipimo cha kuzungumza.

Mbona moyo unakwenda mbio hata nikikimbia polepole kabisa?

Kwa sababu kukimbia kwenyewe, hata kwa mwendo wa chini kabisa, ni kazi nzito kwa mwili ulioko sasa. Rudi kwenye kutembea, tafuta mwinuko, utembee kwa hatua ndefu. Mapigo yatafika panapotakiwa bila kupitiliza. Joto huyapandisha pia, na ukienda zaidi ya nusu saa yatapanda taratibu ingawa hujabadili mwendo. Hiyo ni kawaida.

Pumzi zimerudi, lakini magoti na visigino vinauma. Kwa nini?

Hili ndilo linalowaumiza wengi, nami limewahi kuniweka chini wiki saba.

Damu hubadilika kwa siku, misuli kwa wiki, lakini kano hubadilika kwa miezi. Kano hazipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo hujijenga polepole, na katika umri huu polepole zaidi. Matokeo yake, karibu wiki ya sita au ya nane unajisikia mtu mpya: moyo unakuruhusu, kifua kinakuruhusu, unaongeza umbali na kasi kwa pamoja. Siku tatu baadaye huwezi kukanyaga chini asubuhi. Moyo umetangulia, kisigino kimebaki nyuma.

Kwa hiyo katika miezi mitatu ya kwanza usiulize pumzi kama unaweza kuongeza. Uliza miguu, tena iulize asubuhi ya kesho yake. Maumivu yanayoisha ukishatembea hatua chache na yasiyoongezeka siku hadi siku unaweza kwenda nayo kwa uangalifu. Maumivu yanayokuchechemeza, yanayovimbisha kiungo au yanayokuamsha usiku yanataka upumzike na uonane na mtaalamu. Wakati huo baiskeli na kuogelea vitaulinda moyo usipoteze ulichokijenga.

Je, kunyanyua vyuma kunasaidia?

Ndiyo, ingawa siyo sana kwa mapigo ya asubuhi. Misuli hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na miguu dhaifu huufanya moyo ufanye kazi zaidi kwa ngazi zilezile. Siku mbili kwa wiki zinatosha: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma, kuvuta, kubeba. Usibane pumzi unaponyanyua, maana presha hupanda sana. Toa pumzi wakati wa kusukuma.

Naweza kuiamini saa yangu janja?

Ukiwa umekaa, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma jinsi damu inavyojaa na kupungua. Ukikimbia, hasa mkanda ukiwa umelegea au ngozi ikiwa na baridi, huweza kuhesabu hatua zako na kuziita mapigo. Michoro ya wino kwenye ngozi nayo huikorofisha. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe na ni sahihi zaidi. Tazama mwelekeo wa wiki hadi wiki, usishindane na namba ya siku.

Asubuhi nimekuta mapigo yamepanda ghafla. Nifanye mazoezi?

Yakipanda 5 hivi na unajisikia vizuri, fanya kitu chepesi. Yakipanda 10 na koo linawasha au mwili unauma, lala. Kama una homa usifanye mazoezi kabisa, hata ya kutembea haraka, kwa sababu baadhi ya maambukizi hushika misuli ya moyo, na jasho la siku ile halistahili hatari hiyo. Pombe ya jana usiku, usingizi mfupi na zoezi kali la juzi hupandisha pia.

Natumia dawa za presha. Je, namba hizi zinanihusu?

Inategemea dawa. Zile za kundi la beta, kama atenololi, bisoprololi na propranololi, hushusha mapigo ya mapumziko na pia huyafunga ya juu yasipande. Ukiwa nazo, hesabu zote za 208 na 220 zisahau. Tumia kipimo cha kuzungumza. Baadhi ya matone ya macho ya presha ya jicho, kama timololi, nayo hupunguza mwendo wa moyo, na watu wengi hawajui. Dawa nyingine nyingi za presha haziyagusi mapigo kiasi hicho.

Nakusihi jambo moja: usiache dawa hizo ghafla kwa sababu mazoezi yamekupa nafuu. Kuziacha ghafla huweza kuuletea moyo hatari kubwa. Nenda na kumbukumbu zako kwa daktari, na kama kuna kupunguza, mpunguze pamoja.

Nimekaribia kukoma hedhi na moyo unadunda bila sababu. Ni kawaida?

Hutokea kwa wengi. Joto la ghafla la kipindi hiki huja pamoja na moyo kwenda mbio, na usingizi unaokatika huongeza. Lakini usikubali kila kitu kiitwe homoni. Mipigo hii ikiwa ya mara kwa mara, omba kipimo cha damu, cha tezi na cha umeme wa moyo. Ujue pia kwamba shambulio la moyo kwa mwanamke wakati mwingine huja kama uchovu usioelezeka, kichefuchefu, au maumivu ya taya na mgongo.

Mapigo yangu ni 48. Niogope?

Kama unafanya mazoezi na unajisikia vizuri, hapana. Kama hufanyi, au una kizunguzungu, unazimia, au unachoka kwa kitu kidogo, nenda ukapimwe umeme wa moyo.

Ninapohesabu, mapigo hayaendi kwa mpangilio. Ni nini?

Kwanza vuta pumzi polepole huku unahesabu. Mapigo yakiongezeka unapovuta na kupungua unapotoa, hiyo ni neva ya vagasi kazini, na ni dalili njema. Pigo moja linalorukwa mara chache nalo ni la kawaida kwa watu wengi.

Lakini mapigo yakiwa ya ovyo kabisa, hakuna mawili yanayofuatana kwa nafasi sawa, na hali hiyo ikaendelea, usingoje. Huenda chemba za juu za moyo zinatetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama humo, ikaganda, na bonge likienda ubongoni huleta kiharusi. Kiharusi hicho kinazuilika kwa dawa. Pimwa ndani ya siku chache, na kama yanaambatana na maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi, pimwa sasa hivi.

Ni dalili gani zinanitaka nisimame papo hapo?

Kifua kubana au kuwa kizito, hasa maumivu yakienda kwenye mkono, taya au mgongo. Kuona giza au kutaka kuanguka. Jasho la baridi. Moyo unaoendelea kwenda mbio dakika nyingi baada ya kusimama. Usiseme utamalizia mzunguko uliobaki. Kaa chini na uite msaada.

Nikiacha wiki mbili, ninaanza upya?

Hapana. Ile plazima hupungua ndani ya siku chache, kwa hiyo utajisikia mzito, lakini hurudi upesi vilevile. Rudi na nusu ya ulichokuwa unafanya, kisha ongeza kwa wiki mbili. Baada ya ugonjwa wa homa, nenda polepole zaidi.

Miezi mitatu imepita na namba ya asubuhi ni ileile. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote, ila unatazama dirisha ambalo ndilo la mwisho kuonyesha mabadiliko. Tafuta njia moja ya dakika 20, yenye mwinuko kidogo. Itembee kila baada ya wiki mbili, saa ileile ya siku, kwa muda uleule, na uhesabu mapigo mara tu unapofika mwisho. Kisha simama dakika moja, uhesabu tena.

Andika namba zote mbili. Ya kwanza inakwambia kazi ileile inaugharimu moyo kiasi gani, na huanza kushuka wiki nyingi kabla ya ile ya asubuhi. Ya pili inakwambia breki inarudi upesi kiasi gani. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu ambao mapigo yao yalishuka 12 au pungufu katika dakika ya kwanza baada ya zoezi la kufikia kikomo walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Matembezi yako si kipimo kile cha hospitali, kwa hiyo usijihukumu kwa 12 yao. Tazama pengo lako mwenyewe linavyopanuka.

Daftari langu la mwaka wa kwanza bado ninalo. Mwezi wa kwanza nilifika juu ya mwinuko na 141, na baada ya dakika moja nilikuwa 127. Mwezi wa tano, kwa dakika zilezile na mwinuko uleule, nilifika na 122, na baada ya dakika moja nilikuwa 96.